Msalaba wa Tsvibari na Kanisa la Miwani

Tsvibari, 23 Januari

Mwanangu Ivlita,

Salamu nyingi, zipokee ukiwa umekaa. Sisi huku tunaishi, maana yake tunakula viazi na kusukuma theluji. Mama yako Mkubwa Tsiala goti linamsumbua lakini ulimi uko salama. Jana alinigombeza kuanzia supu hadi chai. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Theluji imefika dirishani upande wa mnara, na njia ya kwenda zizini nimeichimba kama fuko. Je, wewe na mumeo Mindia mwajionaje huko mjini? Bado mko ghorofa ya saba na lifti inayogoma kila Jumatatu?

Ninaandika kwa mkono kwa sababu unajua simu inashika kilimani tu, kando ya makaburi, na pale ukikohoa nyumba kumi na nne zinasikia. Barua hii nimeishonea ndani ya mfuko wa jibini, nikampa Omari dereva. Ukiikuta imefunguliwa niambie, nitamkata masikio.

Haya, sasa jambo lenyewe. Jumapili ilikuwa Sikukuu ya Ubatizo. Tukafungua kanisa kama siku zote: mwanamume mmoja kutoka kila nyumba, mimi mbele na ufunguo, wanawake nje. Bimurza, kama mkuu wa wazee, akatangulia kuibusu picha ya Malaika Mkuu, ile ya kuapia. Akainama. Akainuka bila kubusu, akanigeukia. "Murzakan," akasema, "msalaba uko wapi?"

Unaujua ule msalaba mdogo wa fedha, urefu wa kidole, unaoning'inia kwa uzi kwenye msumari pembeni ya picha. Haukuwepo. Msumari upo, uzi hakuna, msalaba hakuna. Mmoja akasema labda ni panya. Bimurza akamuuliza kama panya wa kwao wanavaa misalaba. Tulipekua mpaka chini ya jiwe la madhabahu.

Polisi haiitwi kwa mambo ya kanisa, unajua. Wazee wameamua kiapo. Jumapili tarehe sita mwezi wa nne, theluji ikipungua, mimi mshika ufunguo nitaishika ile picha kwa mikono miwili na kusema kwamba tangu tulipofungua pamoja mwezi wa nane, mlango ule sikuufungua tena, na simjui aliyechukua. Anayeapa uongo pale, nyumba yake inakauka hadi kizazi cha saba. Hiyo sikukufundisha mimi, ulinyonya na maziwa.

Ivlita, mlango nilikufungulia wewe. Kijiji kilikataa kanisa lipimwe kwa mashine zako, nami nikakuingiza siku ya kukata majani, watu wote wakiwa mashambani, mwanamke ndani ya kanisa lisiloingiwa na wanawake. Nilifanya hivyo kwa sababu ya ule ufa mlimani. Kila kiangazi unapanuka, na siku mlima ukishuka kanisa litakuwa kifusi, nami nilitaka kitu kibaki. Sijuti. Lakini ulikaa mle saa tatu, nami nilikuwa nje nikichunga njia.

Nakuuliza mara moja tu. Uligusa kitu?

Baba yako Mkubwa,
Murzakan


Tbilisi, 11 Februari

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama Mkubwa peke yake, asije akasema nimemchanganya na wewe. Jibini lilifika salama na barua ndani yake inanuka jibini. Masikio ya Omari yamepona.

Mindia hajambo, anafundisha shule ileile. Lifti sasa inagoma Jumatatu na Alhamisi. Na habari kubwa niliyoificha nikiogopa kijicho: nina mimba, miezi mitano. Daktari anasema mwezi wa sita. Nilitaka niwaambie uso kwa uso mwaka mpya, barabara ikafungwa. Mwambie Mama Mkubwa aanze kufuma soksi, na asimwambie mtu kilimani.

Kanisa limekamilika kwenye miwani. Natamani ungeliona. Unavaa miwani mizito inayofunika macho yote, na ghafla umesimama Tsvibari, mlango uko nyuma yako, ukigeuka unaona tundu za wadudu kwenye ubao. Ukiinama unaona nta ya mishumaa sakafuni. Bosi wangu, mtu asiyeamini hata kalenda, aliivaa akavua kofia. Sasa anataka lionyeshwe kwenye maonyesho makubwa mwezi wa tano. Mlima ukishuka kesho, Mungu apishe mbali, wajukuu wa Tsvibari bado wataingia kanisani kwao.

Kuhusu uliloniuliza: nilipima tu, Baba Mkubwa. Mashine yangu inagusa vitu kwa mwanga, na mwanga hauchukui kitu. Watalii wangapi walipita kiangazi kile? Na dirisha la nyuma si lilikuwa limelegea?

Nakusihi usiape. Sema unaumwa. Sema mgongo. Mtu wa miaka sabini na moja nani atamlazimisha kusimama kwenye baridi ile?

Mwanao,
Ivlita


Tsvibari, 5 Machi

Mwanangu, mama mtarajiwa,

Tsiala amelia, kisha akacheka, kisha akanigombeza kwa kuwa nilisoma barua polepole. Soksi tatu zimekwisha. Nikamwambia mtoto ana miguu miwili, akasema moja ni ya kupotea. Kwangu habari hii ni kama moto uliowashwa katika nyumba ambayo mtu alishazoea baridi yake. Baba yako, mdogo wangu, angekuwepo angechinja.

Viazi tunavyo, nyasi zinatosha hadi mwezi wa tano. Ndama ni mkorofi. Ufa sikuweza kwenda kuutazama, theluji bado.

Sasa sikiliza. Nimeisoma barua yako mara nne. Nilikuuliza uligusa kitu, ukanijibu kuhusu mwanga. Ulipokuwa na miaka sita ulivunja taa ya bibi yako, nikakuuliza, ukaniambia habari za paka. Sikusukumi. Njia ya mwongo ni fupi na mimi siko mbali na mwisho wa yangu, kwa hiyo nimeamua jambo mimi mwenyewe.

Nitaapa. Nikisema mgongo unauma watasema Murzakan amekimbia picha, na hiyo ni sawa na kukiri. Nikisema kweli kwamba nilifungua, wataniuliza nilimfungulia nani, na jina litakalotoka ni lako. Halafu huyo aliye tumboni atazaliwa na jina la wezi wa kanisa, huku watu wanakumbuka jambo miaka mia mbili bila kuandika. Kwa hiyo nitaapa uongo.

Usishtuke. Nimehesabu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi sikuficha na bado sikuzaa. Sina mtoto, Ivlita. Laana ikija kwangu hadi kizazi cha saba itakuta hakuna hata cha kwanza. Mimi ni mti mkavu. Wacha moto uchome mti mkavu, wewe mbichi ubaki. Bimurza mwenyewe amenirahisishia. Alikuja na mkate wa nyama, akaketi, akasema ukoo wetu umeshika ufunguo vizazi tisa, kwa hiyo wale waapaji kumi na wawili wa kunisindikiza, ambao ni desturi, hawatahitajika. Neno langu peke yake linatosha. Nikamshukuru. Mkate ule sikuweza kuumeza.

Nisikudanganye, ninaogopa. Nikikamua nasahau kuweka ndoo, ng'ombe ananitazama. Nimemwona kwa macho yangu aliyeapa uongo, nilikuwa kijana. Aliishi miezi mitano, na mbwa wake hakukubali kulala mlangoni pake. Unaweza kusema ni bahati mbaya. Sema, nami ningependa kukuamini.

Jambo moja tu nieleze, si kwa ajili ya kijiji, kwa ajili yangu. Unasema mashine yako imeona hata tundu za wadudu. Basi vaa hiyo miwani yako, nenda kwenye picha ya Malaika Mkuu, utazame msumari. Niambie unaona nini.

Murzakan


Tbilisi, 20 Machi

Baba Mkubwa wangu,

Salamu, salamu, na unisamehe leo habari za nyumbani zitakuwa fupi. Mindia mzima, mimba nzima, mtoto anapiga mateke hasa nikila kachumbari ya kabichi. Omari anaondoka kesho alfajiri, kwa hiyo naandika mbiombio.

Nilifanya ulivyosema. Saa ya chakula cha mchana, wenzangu wameshuka chini kula, nikabaki peke yangu kwenye ukumbi wa kazi. Nikavaa miwani. Nikasimama kanisani. Nikatembea hatua nne hadi kwenye picha ya Malaika Mkuu. Msumari uko wazi. Nilijua uko wazi, nimejua tangu mwezi wa tisa. Bosi alishawahi kuniuliza kwa nini pana alama ya uzi ukutani na hakuna kitu, akasema tuchore kitu pale kipendeze. Nilikataa, sikumwambia kwa nini.

Lakini sikuishia hapo. Nilijiambia: Ivlita, wewe ni mtu wa mashine, hiyo picha umeitengeneza wewe, ni vitone vya rangi milioni mia tatu, hakuna mtu ndani. Basi apa. Apa hapa, uone kama kitu kitatokea, halafu umwandikie mzee aache kuogopa. Nikanyoosha mikono mbele kama mnavyofanya. Nikaanza: "Sikuchukua..."

Sauti haikutoka. Nilijaribu tena. Haikutoka, na mtoto tumboni, ambaye hatulii hata dakika mbili, akatulia. Malaika alikuwa ananitazama kwa macho yale yaliyofifia, lile la kushoto lililokwaruzwa. Nikavua miwani kwa nguvu, nusura niivunje. Mama anayefanya usafi alinikuta nimekaa sakafuni, akadhani uchungu umeanza, akataka kuita gari la wagonjwa.

Niliutoa mimi, Baba Mkubwa. Upepo wa mlangoni ulikuwa unautikisa. Kitu kikining'inia na kuyumba, mashine inakiona mara tatu, na ukuta wote unaharibika. Kazini kwetu ni jambo la kila siku: kinachotikisika unakitoa, unapima, unakirudisha. Nikafungua uzi, nikauviringisha msalaba kwenye kitambaa cha kufutia kioo, nikauweka mfuko wa pembeni wa begi. Halafu wewe ukapiga mluzi huko nje. Watu walikuwa wanarudi na majani. Nikakusanya kila kitu nikikimbia.

Niliukuta mwezi wa kumi, nikitafuta betri. Nilitaka kukuandikia siku hiyohiyo. Nikaona aibu, nikasema nitaurudisha mwenyewe mwaka mpya, kimya kimya. Barabara ikafungwa. Halafu barua yako ikaja na neno kiapo ndani yake, na mimi nina mimba, na nikaogopa hata kuliandika jambo hili kwenye karatasi, kana kwamba nikiandika litakuwa kweli. Nimekaa na msalaba kwenye kopo la sukari miezi mitano. Ninajiita mtu wa sayansi na sijatia kijiko kwenye kopo lile tangu siku hiyo.

Unasema wewe ni mti mkavu. Usiseme hivyo tena. Ulinilea baba yangu alipokufa. Kama kizazi chako hakipo, mimi ni nini?

Msalaba uko ndani ya kopo la kahawa analoleta Omari, chini kabisa, kwenye kitambaa kilekile. Yeye hajui. Atafika keshokutwa, Jumamosi, na kiapo bado zaidi ya wiki mbili. Waonyeshe. Sema ni mimi. Usiape, Baba Mkubwa, nakuomba kwa jina la baba yangu.

Ivlita


Tsvibari, 9 Aprili

Ivlita,

Sisi wazima. Tsiala yuko kimya tangu juzi, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote nitakayokuandikia.

Poromoko la theluji lilishuka tarehe ishirini na mbili, chini ya daraja la pili, likafunga barabara kwa upana wa mashamba matatu. Omari alikwama kijiji cha chini na gari lake. Siku kumi na sita. Alikuwa anakunywa araki ya watu na kucheza karata, na lile kopo la kahawa liko chini ya kiti chake.

Jumapili, kwa hiyo, sikuwa na barua yako. Nilikuwa na hesabu yangu tu.

Tulifungua saa nne asubuhi. Nikaishika picha. Ni nzito kuliko nilivyokumbuka. Nikasema maneno yote, sikukosea hata moja: kwamba sikufungua, kwamba simjui. Sauti yangu ilitoka vizuri, Ivlita, ilitoka kama ya mtu mkweli. Nikasubiri. Sijui nilisubiri nini, labda paa lianguke. Hakuna kilichotokea. Bimurza akafuta macho, akasema mbele ya watu wote, "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikushuku miezi mitatu." Nikafikiri, basi, imekwisha, sasa ni mimi na kaburi langu tu.

Ndipo Geronti akatoka kwenye mstari. Unamjua, yule fundi wa mabati, mwanawe wa kwanza ana wiki tano. Hakuna aliyemwita. Akaweka mkono wake juu ya picha, karibu na wangu, akasema, "Murzakan akiapa, nami naapa naye." Nikamwambia haina haja, Bimurza amesamehe. Akasema, "Si haja, baba, ni heshima." Akafuata mwingine. Wakaja kumi na wawili, kila mmoja ana watoto nyumbani. Nilikuwa nimeishika ile picha na sikuweza kuiachia, na sikuweza kupiga kelele. Nilihesabu nyumba yangu tu. Miaka yote hii nimeshika ufunguo, na sikuhesabu kwamba watu wanaweza kunipenda.

Baadaye walinikumbatia. Walileta mikate, walileta araki, wakaimba. Mke wa Geronti akaniwekea mtoto mapajani ili nimbariki. Akakifumbata kidole changu kwa kiganja chake. Nikamrudishia nikasema ninakwenda haja.

Jumatatu Omari akafika. Tsiala akafungua kopo ili apike kahawa.

Tangu hapo tumekaa na msalaba mezani, juu ya kitambaa chako cha kufutia kioo. Barua yako nimeisoma mara moja tu, ilitosha. Sikukasirikii. Ningekasirika kama ungebaki kusema habari za mwanga. Hofu niliyokuwa nayo kabla ilikuwa ya kufa, na ile mtu anaweza kuiweka mfukoni akaenda nayo kazini. Hii ya sasa sijui niiweke wapi. Jana Geronti alisema mtoto wao ana homa kidogo. Homa kidogo, Ivlita! Watoto wote wana homa mwezi wa nne. Nilikaa zizini mpaka ng'ombe akaanza kunilamba.

Nikikaa kimya, msalaba nautupa mtoni na watu wananipenda mpaka nife. Njia hiyo ipo, Tsiala ameitaja, kisha akanyamaza, na ndiyo kimya chake hiki. Lakini kiapo chao kinasimama juu ya changu. Njia ya kukishusha ni moja: aliyeapa asimame mlangoni mbele ya nyumba zote, aseme kwa mdomo wake, "Niliapa uongo, na hawa hawakujua." Hapo chao kinaanguka, kinabaki changu peke yangu. Nilimsikia babu akisema hivyo. Sijawahi kuona mtu akifanya.

Watauchukua ufunguo. Wataniuliza nilimfungulia nani. Sitasema, lakini msalaba utakuwa mkononi mwangu na wao si wajinga. Mashine zako waliziona mwezi wa nane.

Tsiala amenipa koti la sikukuu. Nikiifunga barua hii nampa Omari, anashuka sasa hivi, halafu nakwenda kupiga kengele. Usije. Zaa kwanza.

Murzakan


Tbilisi, 14 Juni

Baba Mkubwa,

Salamu kwako na kwa Mama Mkubwa, ambaye najua anasoma begani kwako. Nimejifungua tarehe tatu, msichana, kilo tatu na nusu. Ni mzima. Nimemhesabu vidole mara nyingi kiasi kwamba muuguzi aliniuliza kama ninamtafutia cha sita. Analia kwa sauti ya Tsvibari.

Tangu barua yako ya kengele hujaniandikia. Nimekuandikia mara mbili, Omari anaapa alikupa mkononi. Mwishowe nikamkalisha chini jikoni kwangu, nikamlisha, nikamwambia haondoki mpaka aseme. Alisema ulipopiga kengele watu walitoka wakidhani mlima unashuka, wengine wamebeba mablanketi na watoto. Wakakukuta umesimama mlangoni na koti la sikukuu na msalaba mkononi. Ulisema, na hakuna aliyepiga kelele. Bimurza mwenyewe akaufungua ufunguo kwenye mkanda wako, kwa sababu vidole vyako havikuweza. Akakuuliza ulimfungulia nani, na hukusema. Kisha kila mtu akaenda kwake. Anasema mtoto wa Geronti amepona homa, anacheka sasa akisemeshwa. Anasema wewe unakwenda zizini na kurudi, watu hawakusalimii, na wewe huwasalimii ili wasilazimike. Anasema umekonda.

Nikamuuliza huwa inachukua muda gani, ile laana. Akatazama chini, akasema wazee husema mwaka.

Nimejitahidi kutoamini, Baba Mkubwa, imenishinda. Kila simu ikilia naogopa ni ya kilimani. Nikimwogesha mtoto naogopa. Mindia anasema ni uchovu wa uzazi, na labda ni kweli, lakini uchovu haunifanyi nione vidole vyako vikishindwa kwenye mkanda. Kanisa la miwani nimelitoa kwenye maonyesho. Bosi alifoka, nikamwambia nyumba kumi na nne zilikataa na mimi niliiba, hilo ndilo neno lake. Limebaki kwenye kisanduku kimoja tu cha kumbukumbu ya kompyuta, nakala nyingine hakuna. Nitakuja nalo pamoja na miwani, waamue wao kama liishi au lifutwe. Wakilifuta, nitalifuta mbele yao, na mlima ukishuka tutakuwa tumelipoteza mara mbili. Mikono inaniuma nikiandika hivyo.

Uliniambia nizae kwanza. Nimezaa. Ijumaa ijayo tutafika, mimi na mtoto. Sitaingia ndani, nitasimama pale nje wanaposimama wanawake, na mwanangu kifuani, niwaambie jina ulilokataa kuwaambia. Kama deni la kiapo kile lina mwenyewe, mwenyewe ni mimi, nami sitaki likukute peke yako hapo zizini.

Najua utaandika nisije, kwa ajili ya mtoto. Nimefikiri hilo kuliko wewe, nimelifikiri kila anaponyonya. Andika ukitaka, ila Omari ananichukua Alhamisi asubuhi, na barua yako nitaisoma njiani.

Mwanao,
Ivlita